Nyumba sita, ua mmoja: tujengeje makazi yetu ya uzeeni hapa Kigoma?

Mwalimu wa Gungu (Kigoma) anauliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu kabla hatujachimba msingi, kwa sababu kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa ufutio, lakini kosa la kwenye zege hufutwa kwa fedha, na fedha yetu ni ya kiinua mgongo ambacho hakilipwi mara mbili.

Sisi ni wanawake sita wenye umri wa kati ya miaka 58 na 71. Wanne ni walimu wastaafu, mmoja ni muuguzi anayekaribia kustaafu, na wa sita ni mwenzetu aliyefanya biashara ya mawese kwa miaka mingi, akisafirisha madumu kwa reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Watano kati yetu ni wajane. Watoto wetu wako Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, wanatupigia simu na wanatutumia kidogo walichonacho, lakini jioni kila mmoja wetu anafunga mlango wa nyumba yenye vyumba vingi ambamo anasikia hatua zake mwenyewe.

Kilichotusukuma ni jambo la mwaka juzi. Jirani yangu, mjane aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitano, aliteleza bafuni alipokuwa akitawadha kwa ajili ya Magharibi, nyonga ikavunjika, akalala pale sakafuni mpaka saa tano asubuhi ya siku ya pili, alipofika binti anayemletea vitumbua. Mimi niliitwa kushuhudia mlango ukivunjwa. Birika la kutawadhia lilikuwa bado liko karibu na mkono wake, na kanga aliyoivuta kutoka kwenye kamba ili ajisitiri na baridi ilikuwa imelowa chapachapa. Aliniambia baadaye kwamba usiku kucha alisikia redio ya nyumba ya pili, hata saa zilipotangazwa alizisikia zote, ila sauti yake yeye haikuvuka ukuta.

Tumenunua kiwanja kimoja kwa pamoja. Kina mita 32 upande wa barabara na mita 40 kwenda chini, na kinashuka kuelekea ziwani kwa jumla ya mita 3, kwa vipimo vya aliyetupimia. Karibu na katikati pana mwembe wa zamani ambao fundi anataka tuung'oe. Fundi huyo ametuletea michoro miwili. Wa kwanza ni jengo moja refu lenye vyumba sita vya masta vilivyopangwa kwenye korido, kama gesti. Wa pili ni vijumba sita vilivyotawanyika, kila kimoja na uzio wake na geti lake. Mchoro wa kwanza unatunyima faragha ambayo wanawake waliotawala majiko yao kwa miaka 40 hawawezi kuiachia, na wa pili unaturudisha kule kule alikolala jirani yangu.

Mwanangu wa kwanza nilipomweleza alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mama, watu watasema tumekutupa." Nilimjibu kwamba hatujengi makazi kama yale ya Serikali yaliyoko Ipuli kule Tabora au Kolandoto kule Shinyanga, ambayo yanawahifadhi wazee wasio na ndugu wala uwezo, na yanafanya kazi ya heshima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inataka mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, makazi ya namna hiyo yakiwa hatua ya mwisho. Sisi tunatafuta kitu cha katikati, ambapo kila mtu ana mlango wake, ufunguo wake na sufuria yake, na bado hawezi kuanguka jioni akaonekana kesho yake karibu na adhuhuri.

Basi naomba mnisaidie. Nyumba hizi zipangweje? Tushirikiane nini, na kila mtu abaki na nini? Wenzangu wawili wanataka tujenge ukumbi mkubwa wa kukutania. Je, ni matumizi mazuri ya fedha? Na mteremko huu tuufanyeje, maana miguu yetu ya leo si miguu ya miaka kumi ijayo?

Mchora Ramani wa Mwanga (Kigoma) anajibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma swali lako mara mbili, na nimechukua karatasi nikachora, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Nianze na mteremko, kwa sababu ndio utakaoamua mengine yote. Mita 3 katika mita 40 si mwinuko wa kutisha kwa kijana, ila ni mrefu mno kwa mtu mwenye mkongojo au kiti cha magurudumu. Mafundi wetu hapa Kigoma wana mazoea ya kuinua msingi wa kila nyumba upande wa bondeni na kuweka ngazi tano au sita mlangoni. Mkifanya hivyo kwa nyumba sita, mtakuwa mmejenga vizuizi sita. Ninachopendekeza ni kusawazisha sehemu moja ya kiwanja iwe tambarare kabisa, na nyumba zote sita pamoja na ua vikae hapo, kimo kimoja, pasiwe na ngazi hata moja kati ya mlango wa huyu na mlango wa yule.

Hesabu yake ni hii. Anzeni mita 1 kutoka mpaka wa barabarani, mchukue mita 24 kwenda chini. Katika urefu huo ardhi inashuka mita 1.8. Mkichimba nusu ya juu na kuutumia udongo huo huo kujaza nusu ya chini, mtachimba sentimita 90 upande wa barabara na kujaza sentimita 90 upande wa ziwa, bila kununua hata lori moja la kifusi. Ncha zote mbili zitahitaji ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, wenye matundu ya kutolea maji kila baada ya mita moja na nusu hivi, maana ukuta usiopumua husukumwa na maji ya masika hadi ukalala. Juu yake, kando ya barabara, pitisheni mtaro wa zege unaopeleka maji pembeni ya kiwanja. Usiahirishe mtaro huo kwa sababu ya fedha. Afadhali uahirishe rangi.

Kutoka getini kushuka hizo sentimita 90, tumieni njia ya mteremko badala ya ngazi. Kipimo kinachokubalika ni kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mwendo, kwa hiyo mnahitaji mita 10.8, mkizigawa mara mbili na kuweka kituo cha kupumzikia katikati chenye urefu wa mita 1.5. Njia hiyo inaweza kulala sambamba na ukuta wa juu, na mita 32 mlizo nazo zinaitosha bila shida. Wekeni kishikio cha bomba pande zote mbili, kimo cha sentimita 90, maana mtu aliyepooza upande mmoja hachagui upande wa kushikia.

Sasa nyumba. Kwa kuwa kiwanja kinashuka kuelekea ziwani, yaani magharibi, wekeni nyumba tatu upande wa kaskazini na tatu upande wa kusini, zikitazamana, ua ukiwa katikati. Hapa Kigoma tuko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, na jua linalotutesa ni la jioni linalotoka ziwani. Mpangilio huo unalifanya lipite uani badala ya kuingia moja kwa moja madirishani. Kila nyumba iwe na upana wa mita 7 na kina cha mita 8, mita 2 za mbele zikiwa kibaraza chenye paa. Nyumba tatu zikiunganishwa kwa kuta za pamoja mnaokoa matofali, na mwenye shida usiku anaweza kubisha ukutani akasikika. Nyuma acheni mita 1.5 kutoka mpakani ili kila chumba kipate upepo wa mbele na wa nyuma. Ukitoa hayo yote, ua unabaki na upana wa mita 13.

Ndani ya nyumba kuna jambo moja ningekuomba ulipiganie hata fundi akikataa. Dirisha la jiko litazame uani, na chumba cha kulala kiwe nyuma. Jiko ndilo linaloamka kwanza. Mwenzako akitoka kuchota maji saa moja asubuhi akaona pazia la jiko lako bado limefungwa, atajua kuna jambo, na hatakuwa amekuchungulia chumbani. Kutoka uani mtu anapita kibarazani, kisha sebuleni, kisha chumbani, na katika kila hatua anaingia mahali ambapo wageni ni wachache zaidi. Nyumba za gesti alizochora fundi wako hazina hatua hizo. Ukifungua mlango wa korido uko kitandani kwa mtu.

Milango yote, pamoja na wa chooni, iwe na uwazi wa sentimita 90, na pasiwe na kizingiti. Chooni acheni duara la mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kigeuke, choo cha kukaa kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, na ukuta wa pembeni ujengwe imara tangu mwanzo ili vishikio vifungwe baadaye bila kung'oka. Vigae vinavyong'aa msiviweke bafuni kabisa. Saruji iliyopigwa brashi ingali mbichi haitelezi, na ni rahisi. Mlango wa choo ufungukie nje. Aliyeanguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani anauzuia kwa mwili wake mwenyewe.

Kuhusu jina la hicho mnachokitafuta, kwa Kiingereza huitwa "cohousing", na watu wa Denmark walianza kujenga makazi ya namna hii kwa wazee katika miaka ya 1980. Kule High Barnet, London, kundi la wanawake lilianza kukutana mwaka 1998 na likahamia katika makazi yake mwaka 2016. Yana nyumba 25, 17 zikiwa za kumilikiwa na 8 za kupangishwa kwa wenye kipato kidogo, na walishiriki wenyewe kuzibuni pamoja na wasanifu. Miaka 18 ni mingi. Sehemu kubwa iliishia katika kutafuta ardhi na watu wa kuwaamini, na ninyi ardhi mnayo tayari.

Mwembe nauulizia: uko mita ngapi kutoka mpaka wa barabarani? Usikatwe kabla hujanijibu.

Mkongwe wa Ujiji anajibu:

Asalaam alaykum, Mwalimu, nawe kijana wa Mwanga, Mungu akuzidishie.

Mimi nina miaka 76 na nimezaliwa katika nyumba ya Kiswahili hapa Ujiji, ile yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele na ua nyuma wenye jiko, choo na kisima. Vyumba sita, Mwalimu, kama ninyi. Mama yangu alipokuwa mzee alikaa chumba cha kwanza kulia, na wapangaji walikuwa watu wa kila aina, mvuvi wa dagaa, karani wa reli, mwanamke mshonaji. Hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwangalia. Aliangaliwa kwa sababu hapakuwa na njia ya kwenda kisimani wala barabarani isiyopita mlangoni kwake.

Ndiyo maana ukumbi mnaoutaka naupinga. Nimeuona ukumbi wa namna hiyo mahali pengi: unazinduliwa kwa pilau, unafungwa kwa kufuli, na baada ya mwaka ufunguo haujulikani uko kwa nani. Mtu hatoki nyumbani kwake kwenda kukutana na watu. Hutoka kwenda kuchota maji, kuanika nguo, kuchambua mchele penye mwanga, kungoja bodaboda, na humo ndimo anamokutana na watu. Kwa hiyo fedha za ukumbi ziwekeni kwenye bomba moja zuri la uani lenye paa, karo la kufulia la kimo cha kiunoni ili mtu afue amesimama, kamba za kuanikia, na benchi la zege chini ya mwembe lenye egemeo na mikono. Mikono ya benchi msiisahau. Mzee hukaa kwa magoti lakini husimama kwa viganja.

Jambo la pili nalisema kwa sababu vijana wenye kuchora hawalifikirii. Uani mwenu kutakuwa na misiba. Mita 13 zinatosha kufunga turubai na kuwakalisha watu, na hilo ni jema, lakini hakikisheni kwamba jeneza linatoka chumbani mpaka getini bila kuinamishwa wala kugeuzwa kwa shida. Mlango wa sentimita 90 unatosha ikiwa hakuna kona ya ghafla nyuma yake. Niliwahi kumsaidia jirani kumtoa mzazi wake dirishani, na watoto wake hawajalisahau jambo lile mpaka leo.

Na tatu, msiwe wanawake wazee watupu. Wekeni kijiduka upande wa barabara, au chumba cha kumpangisha kijana fundi cherehani, au mama lishe. Watoto waje kununua chumvi na watoke na habari. Baraza isiyopitiwa na watoto huwa kimya mno.

Muuguzi wa Kanyenye (Tabora) anajibu:

Shikamooni wazee wangu. Naandika nikiwa Tabora, ambako nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 19, sehemu kubwa katika wodi ya wanawake na kuwatembelea wagonjwa majumbani. Aliyoyasema Mkongwe kuhusu kijiduka nayaunga mkono kwa sababu nzito kuliko aliyoitaja.

Katika mikoa yetu ya magharibi na ile ya kanda ya ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na alama waliyokuwa wakinyooshewa kidole ni macho mekundu. Macho hayo yametokana na miaka ya kupuliza moto wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Wanawake sita wazee wanaohamia pamoja nyuma ya ukuta mrefu na geti la chuma lisilopenya jicho wanaweza kuzusha maneno ambayo hawayastahili hata kidogo. Ningewaomba ukuta wa mbele usizidi kimo cha kifua, mpita njia aone benchi, bomba na nguo zilizoanikwa, na aweze kuamkia kutoka barabarani. Na majiko yenu yawe na dirisha pana na dohani hata kama mnapikia gesi, kwa sababu siku gesi ikiisha mkaa utawashwa, na kuni nazo zitawashwa siku ya msiba.

La pili ni usiku. Nimewahudumia wazee wengi waliovunjika, na simulizi zao zinafanana: aliamka kwenda haja, kulikuwa giza, akakanyaga kitu. Duniani kote watu wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza kwa kufa kutokana na kuanguka. Kwa hiyo choo kiwe ndani, hatua chache kutoka kitandani, njia iwe imenyooka, swichi ifikiwe na mkono wa aliyelala, na pawe na taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha hata umeme ukikatika. Mkeka na zulia dogo vikae sebuleni, si kwenye njia ya chooni.

La tatu si la ujenzi, ila likikosekana ujenzi wote huu utaleta ugomvi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, mpaka wa kusaidiana kwenu. Kumgongea mwenzako asubuhi, kumpikia uji akiwa na homa, kumsindikiza hospitali, kushika ufunguo wake wa akiba: haya mnaweza. Kumgeuza kitandani, kumwogesha na kumbadilisha nguo kwa miezi sita: haya hamwezi, ninyi nyote mna viuno vya miaka 58 na kuendelea. Nimeona marafiki wa miaka 30 wakichukiana kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema, "Hapa nimechoka." Tengeni katika kila nyumba chumba kidogo, hata cha mita 2.5 kwa 3, ambamo binti, mjukuu au msaidizi wa kulipwa atalala siku hiyo ikifika. Na mwenzenu muuguzi mwambieni mapema kwamba hamumtegemei awe zahanati yenu, maana na yeye anakuja kupumzika.

Afisa Ardhi Mstaafu anajibu:

Mwalimu, salaam. Nimeona kila mtu anazungumzia mawe na milango. Mimi nauliza: hati ya kiwanja hicho ina jina la nani?

Ikiwa ina jina la mmoja wenu kwa niaba ya wengine, simamisheni kila kitu mpaka mrekebishe. Siku huyo mmoja akifariki, warithi wake watakuwa na hati, na ninyi watano mtakuwa na maneno. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu watu kumiliki kwa pamoja kila mmoja akiwa na fungu lake linalojulikana, na mafungu yenu sita yaandikishwe hivyo. Nyumba zikishakamilika, mnaweza pia kuuliza ofisi ya ardhi kuhusu utaratibu wa Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo, ambao humpa kila mwenye nyumba hati yake, na maeneo ya pamoja kama ua, mtaro na bomba yakasimamiwa na chama cha wamiliki.

Lakini fungu linarithiwa, na hapa ndipo pagumu. Mwenzenu wa miaka 71 akitangulia mbele ya haki, nyumba yake ni ya wanawe. Mmoja wao anaweza kutaka kuipangisha kwa mtu wa muziki wa usiku, au kuiuza kwa mtu asiyejua ua ule ulijengwa kwa ajili gani, na hatakuwa amevunja sheria yoyote. Njia ninayoijua ni mkataba, ulioandikwa na wakili na kusainiwa na nyote sita mkiwa hai na wazima, kwamba fungu lolote linapouzwa, wenzake wapewe nafasi ya kwanza kulinunua kwa thamani itakayotajwa na mthamini, ndani ya muda mtakaokubaliana, na kwamba mrithi akitaka kuishi hapo atafuata masharti ya makazi. Wale walio Waislamu miongoni mwenu wasitegemee wosia peke yake, kwa kuwa wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi moja ya mali wala haumwongezei mrithi. Waiteni watoto waje wausome mkataba huo kabla hamjausaini. Yule mwanao aliyesema watu watasema mmetupwa, mwite wa kwanza. Kwenye mkataba ataona kwamba mama yake ni mmiliki.

Na msianze kujenga bila kibali cha ujenzi kutoka manispaa, hata kama mtu atawaambia kwamba kwa vijumba vidogo si lazima.

Mwalimu wa Gungu anajibu:

Marahaba wanangu, wa alaykum salaam Mkongwe wangu, na wewe kaka Afisa Ardhi nakushukuru kwa swali lililonikosesha usingizi. Hati ina jina la mmoja wetu. Ni mtu mwadilifu na hakuna aliyemshuku, lakini jana jioni tulipokaa yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba ana shinikizo la damu na ana watoto saba, na kwamba twende kwa wakili Jumatatu kabla ya kwenda popote pengine. Tumekubaliana hivyo, na fedha tulizotenga kwa ajili ya ukumbi zitalipa kwanza gharama hizo, kisha mtaro, kisha bomba lenye paa.

Kuhusu ukuta wa mbele tulibishana mpaka isha. Wawili waliogopa wezi, na hofu yao si ya bure. Muuguzi wetu aliwasomea maneno ya mwenzake wa Tabora kwa sauti, nao wakakaa kimya kwa muda mrefu. Tumeamua ukuta uwe wa kimo cha kifua, juu yake tupande michongoma inayokatwa, na nondo tuziweke kwenye madirisha ya nyumba badala yake, zikiwa na moja inayofunguka kwa ndani ili mtu asinaswe moto ukitokea. Kijiduka kitakuwepo, na mwenzetu wa mawese ameshasema atauza humo yeye mwenyewe asubuhi, hataki mpangaji mpaka atakapochoka. Chumba kidogo cha mita 2.5 kwa 3 kimeingia katika kila nyumba, na sebule imepungua kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa na makochi makubwa, nitayagawa.

Ule mpaka wa kusaidiana tumeanza kuuandika. Ni ukurasa mmoja tu mpaka sasa na umetuchukua saa tatu, kwa sababu kila sentensi ilimkumbusha mtu mama yake.

Mchora Ramani, asubuhi hii nimekwenda kiwanjani na mjukuu wangu na futi ya fundi. Kutoka mpaka wa barabarani hadi kwenye shina la mwembe ni mita 14.

Mchora Ramani wa Mwanga anajibu:

Mwalimu, mahali ambapo hatuchimbi wala hatujazi ni mita 13 kutoka mpakani. Mwembe wako uko mita 1 chini ya hapo, maana yake udongo utapanda kwa sentimita 7 au 8 tu kwenye shina lake, na hata hizo tunaweza kuziacha kwa kuuzungushia duara la mawe. Mwambieni fundi asipitishe mtaro wala bomba chini ya kivuli chake, kwa sababu mizizi huenea mbali na hupasua. Msingi wa nyumba zenu uko zaidi ya mita 5 kila upande ikiwa mti umekaa katikati ya upana. Naomba unipimie na hilo, kutoka mpaka wa kaskazini. Halafu benchi la Mkongwe liwekwe upande wa mashariki wa shina, ili jioni kivuli kiwaangukie, na matawi yaliyo juu ya bati yapunguzwe kabla ya msimu wa maembe.

Nikipata kipimo hicho leo, nitaleta mchoro mpya kabla hamjaenda kwa wakili Jumatatu.

Mwalimu wa Gungu anajibu:

Mita 15 na nusu kutoka mpaka wa kaskazini. Mjukuu amepima mara mbili.

Karibu na mchoro wako Jumapili baada ya saa kumi. Njoo kiwanjani, si nyumbani, na sote sita tutakuwepo. Tutakuja na kiti kimoja chenye mikono, tukikalie kwa zamu, kisha utupimie kimo ambacho kila mmoja wetu anaweza kusimama bila kushikwa, na benchi lifuate kimo cha yule ambaye magoti yake ni mabaya kuliko ya wote.